Rutuba ya Rungwe inaozea Pugu

Ukipita Mahakama ya Ndizi, soko la ndizi pale Mabibo, Dar es Salaam, asubuhi, kabla ya ndizi utakutana na mabaki yake: vikonyo vya mikungu vilivyobaki baada ya chane kukatwa, majani makavu yaliyofungia mzigo, na ndizi zilizoivia njiani zikapondeka. Vinasukumwa pembeni kwa reki na kusubiri lori la taka. Lori likija, safari ni ya dampo la Pugu Kinyamwezi.

Rundo lile linaniuma kwa sababu najua lilikotoka. Ndizi za Dar zinatoka Rungwe, Morogoro, Kilimanjaro. Mgomba hunyonya potasiamu nyingi sana kutoka ardhini, na sehemu ya hiyo potasiamu husafiri na mkungu, kwenye kikonyo na maganda. Lori linalomwaga taka Pugu limebeba rutuba ya shamba la mtu wa Tukuyu, kule Rungwe, naye msimu ujao itabidi atafute hela ya mbolea ili airudishe. Mwaka 2022, bei ya mbolea ilipopanda mpaka serikali ikaweka ruzuku, sisi wa mjini tulikuwa tunalipa ada ya taka kila mwezi ili rutuba ileile ikatupwe.

Bibi yangu, kule Kibosho, Kilimanjaro, hakuwahi kuyaita maganda ya ndizi taka. Yalikuwa chakula cha ng'ombe. Samadi ilirudi kihambani, yaani shamba la migomba la nyumbani la Kichagga, majivu ya mafiga yakamwagwa shinani mwa mgomba. Mwaka 2011 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, iliutambua mfumo huohuo wa kihamba, kule Shimbwe Juu, kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Mimi nimekuja mjini nikajifunza kufunga maganda kwenye kiroba pamoja na chupa na pampasi.

Miaka miwili iliyopita nilianza kutengeneza mboji, mbolea ya mabaki yaliyooza, nyuma ya nyumba. Lundo la kwanza liliharibika. Niliweka maganda na mabaki ya mboga tu, likalowa, likanuka, nzi wakajaa, na jirani akaja kulalamika kwa haki kabisa. Fundi seremala wa mtaani akanipa viroba viwili vya maranda. Nikaanza upya: tabaka la vitu vikavu, tabaka la vibichi, samadi ya kuku kidogo, halafu vikavu tena. Katikati nikachomeka fimbo. Siku ya tano nilipoichomoa ilikuwa na joto la kuunguza kiganja, na harufu ilikuwa ya msitu baada ya mvua. Nililigeuza kila baada ya wiki mbili, na baada ya miezi mitatu nikawa na udongo mweusi unaomeguka mkononi.

Kwa hiyo mtu akiniambia taka za jiji hili zinahitaji kwanza mitambo mikubwa, nakataa. Zinahitaji kwanza zisichanganywe. Mama mmoja anayelima mchicha bondeni karibu na kwetu aliwahi kuletewa mboji iliyotokana na taka za majumbani. Siku ya kung'oa mchicha kidole chake kikachanwa na kipande cha chupa. Alipofukua akakuta nailoni na betri ya redio. Tangu hapo ukimtajia mboji ya mtaani anatikisa kichwa, na mimi siwezi kumlaumu. Kipande kimoja cha chupa kinatosha kumpoteza mkulima, na betri ni mbaya zaidi, kwa sababu sumu yake haichujwi kwa chekeche.

Wananchi nao wanavunjwa moyo. Mtaani kwetu kaya chache tulikubaliana kutenga: ndoo moja ya mabaki ya jikoni, kiroba kimoja cha vingine. Wiki ya pili gari la taka lilipokuja, kijana akabeba ndoo yangu na kiroba changu akavimimina pamoja, mbele ya macho yangu. Hakuwa na ubaya wowote. Gari lilikuwa moja na tela moja, angeweka wapi? Lakini jirani yangu alikuwa anaangalia, na Jumatatu iliyofuata hakutenga tena.

Ndiyo maana naona tuanzie sokoni. Taka za soko la ndizi tayari zimetengana zenyewe kwa asilimia kubwa, na ziko mahali pamoja. Kinondoni wana kiwanda cha mboji Mabwepande, kilichojengwa kwa ushirikiano na jiji la Hamburg, Ujerumani, kwa hiyo hili si jambo la kufikirika. Majumbani tungeanza na guta moja la mabaki ya jikoni, mara mbili kwa wiki, na kaya inayotenga ipunguziwe ada. Shule zenye bustani zingepokea mboji hiyo bila shida.

Wapo wanaosema mboji haina nguvu. Kwa naitrojeni ni kweli: yurea, mbolea ya dukani, ina asilimia 46, mboji mara nyingi haizidi 2. Lakini udongo wa Dar ni mchanga, ukimwaga maji yanapita na mbolea yako. Mboji ndiyo inayoyashika. Kwenye matuta yangu ya matembele, tuta lenye mboji nalimwagilia kila baada ya siku mbili, lisilo nayo kila jioni. Yule mama wa bondeni nimempelekea debe moja nililolichekecha mwenyewe. Amelimwaga kwenye kona ya tuta moja tu, akaniambia nirudi baada ya wiki tatu.