Kibao cha Chuma si Cheti cha Kuzaliwa

Picha imezunguka tena mtandaoni wiki hii: daraja lenye kutu, mahindi ya Iowa, Marekani, pande zote, na maandishi chini, "Daraja asilia la Lincoln Highway". Ushahidi? Kibao cha mtengenezaji pale juu langoni, mwaka wa mia kumi na nane na kitu. Wote wakapiga makofi.

Jamani, barabara yenyewe, ile ya magari ya kuvuka Marekani kutoka New York hadi San Francisco, ilitangazwa 1913. Kibao kinakuambia lini chuma kilitoka kiwandani, hakikuambii lini kiliwekwa hapo. Fremu zile za zamani, yaani mifupa ya chuma ya daraja, ziliungwa kwa pini. Ukizichomoa, daraja linashuka vipande vipande, linapakiwa na kupelekwa kijito kingine. Chuma ni pesa, na kaunti hazikutupa pesa. Likishakuwa jembamba mno kwa malori ya barabara kuu, lilihamishiwa njia ya mashambani. Kwa hiyo kabla ya kusoma kibao, shika futi kamba upime kati ya kuta mbili za ukingoni zinazolibeba. Kuta zikiwa za zege lenye michirizi ya mbao za kumwagia, mtindo wa baadaye, na fremu ya miaka ya 1880, mmojawapo ni mgeni hapo. Ukuta ukiwa umeongezewa kitako ili fremu ifike, basi mgeni ni fremu.

Lakini kosa kubwa ni kutafuta daraja kabla ya kutafuta barabara. Lincoln Highway ilihamahama. Kitabu rasmi cha njia cha 1915 na cha 1924 havikupitishi palepale kila mahali, na maili zake zilihesabiwa kwa mita ya gari: njia ikifupishwa sehemu moja, namba zote za mbele zinasogea. Pima maili za 1915 kwenye lami ya leo, utaishia kwenye zizi la mtu. Anzia kwenye makutano na reli, maana reli hazikuhama ovyo. Kisha fungua picha za angani za wizara ya kilimo ya Marekani za mwishoni mwa miaka ya 1930. Kule njia zilifuata mipaka ya mashamba, maili kwa maili, kona za mraba. Kona iliyolainishwa baadaye iliacha pembe yake nyuma, na daraja lako huenda limo humo. Wala usitafute maji. Vijito vingi vilinyooshwa kuwa mitaro ya mashamba, kuta zikabaki kavu katikati ya mahindi zikilinda hewa.

Baada ya hapo ndiyo inakuja kazi isiyo na picha za kurusha: mihtasari ya bodi ya kaunti. Usipekue neno "Lincoln", utakesha. Karani aliandika namba ya kipande cha ardhi, jina la mkulima jirani, na malipo ya mbao za sakafu. Mbao zilioza na kuvunjika, zikanunuliwa tena na tena. Malipo yakikatika ghafla, ama sakafu imekuwa ya zege, ama barabara imehama. Mwaka wako uko hapo.

Na mbao zilivunjika kweli. Msafara wa malori ya jeshi uliopita barabara hii 1919, Eisenhower, rais wa baadaye, akiwemo, ulivunja na kukarabati madaraja 88, mengi ya mbao, 14 kati yake katika jimbo la Wyoming. Anayekuambia mbao alizoziona ni za 1915, mwulize kuhusu malori hayo.

Orodha ya taifa ya madaraja ya Marekani? Ilizaliwa baada ya Silver Bridge, daraja la mto Ohio, kuanguka Desemba 1967 na kuua watu 46, na inaanzia madaraja yanayozidi futi 20. Madogo hayamo, na yaliyopotea mengi ni madogo.

Nguzo za zege za kuonyesha njia, zilizosimikwa na maskauti tarehe 1 Septemba 1928 zinaonyesha njia ya 1928, basi. Kipande kilichoachwa 1920 hakikupata nguzo. Tena nyingine zimeng'olewa kupamba bustani.

Haya, nakubali kwa shingo upande: lipo daraja linalojieleza lenyewe. La Tama, Iowa, la 1915, lina herufi LINCOLN HIGHWAY zilizomwagwa kwenye kingo zake. Na makubwa, kama la miji ya Lyons na Fulton juu ya mto Mississippi, lililojengwa 1891 na kubomolewa 1975, hayahitaji mpelelezi.

Mwenye picha ile bado hajasema kuta zake ni za mawe au za zege.