Mkrismasi Una Kesi Gani na Nyie?
Kila Desemba mkrismasi ukiwaka maua mekundu, mtaa mzima unautaka. "Na mimi nipandie mmoja, hapo dirishani." Dirishani! Mti wa watu umetoka Madagascar, kawaida yake kujitandaza upana kuliko urefu, wewe unaubana mita moja na nusu kutoka ukutani, pembeni ya chemba ya choo. Baraza likishainuka na chemba kupasuka, ukoo unakaa kikao: mti una mashetani. Mashetani gani? Mizizi yake inatambaa juujuu, tena minene. Uache mita nane na nyumba, kumi ukiwa nazo. Huna nafasi? Panda mpera, ule na matunda.

Mbegu nazo. Mtu anazifukia kavu, mwezi unapita kimya, anatangaza ameuziwa feki. Ngozi yake ngumu, maji hayapenyi! Chemsha maji, epua, ndipo uzitumbukize, zilale humo hadi kesho. Nimesema epua, si maharage hayo. Zilizovimba zipande kina cha sentimita mbili. Zilizogoma zisugue ubavuni kwenye sakafu ya saruji mpaka ngozi ikwanguke kidogo, uziloweke upya.

Shimo ni sentimita 60 kila upande. Udongo wa juu madebe mawili kwa debe moja la samadi iliyooza. Iliyooza, jamani! Wengine wanatia ya leo asubuhi, ingali na joto, mizizi inaungua, lawama kwa jirani mwenye jicho. Na kuna mabingwa wanaopanda mche pamoja na kiriba chake. Chana nailoni, itoe yote, mizizi iliyojizungusha chini uikunjue au uikate. Panda masika yakianza. Kiangazi cha kwanza, ndoo ya lita 20 mara mbili kwa wiki. Kile kikombe chako cha kila jioni kinalowesha vumbi tu.

Zungushia miiba, maana mbuzi hana adabu, na mwenye mbuzi ndiyo kabisa.

Lakini balaa lenyewe ni yule wa panga. Unamwita apunguze, anaacha nguzo! Mti huu unaulea ungali mdogo: shina moja, na matawi ya chini unayaondoa taratibu, mwaka hadi mwaka, hadi mtu apite bila kuinama. Tawi nene ni kazi ya msumeno. Anza kukata kwa chini, theluthi ya unene, hatua kidogo kutoka shinani. Kisha juu, mbele kidogo ya hapo, lianguke bila kuchuna gome. Kipande kilichobaki kimalizie nje ya ule uvimbe mdogo linapotokea tawi. Ukikata uvimbe, kidonda hakifungi vizuri. Ukiacha kigutu, kinaoza na uozo unaingia ndani.

Kiangazi unapukutika, mtu anakimbilia shoka: "Umekufa huu." Kwangua gome kwa ukucha kwanza! Chini kukiwa kijani, uko hai, unabana matumizi ya maji. Mwingine ana mti wa miaka mitatu anauliza maua. Wa mbegu huchukua mitano, hata kumi, na ukiuweka kivulini utasubiri zaidi.

Na gari usiliegeshe chini yake siku ya upepo, matawi yake mepesi kukatika. Utaliegesha tu, nakujua.