Msifagie majivu kwanza

Duka la mama mdogo pale Mikindani liliungua usiku wa kuamkia Jumatatu, na kufika saa tatu asubuhi mtaa mzima ulishajua chanzo. Wengine wakasema shoti ya umeme, maana hapa kwetu kila moto ni shoti. Wengine wakasema hapana, kuna harufu ya petroli, na harufu hiyo ikawapeleka moja kwa moja kwa yule kijana anayewauzia bodaboda petroli kwenye chupa za maji, hatua kama ishirini tu kutoka dukani. Wakamkwida shati, wakalinusa, wakasema ndo huyu. Jamani, mtu anapima petroli kutwa nzima, shati lake litanuka nini?

Saa sita mchana tulishafagia kila kitu, mi mwenyewe nikiwa na chepe mkononi, tukamwaga majivu bondeni. Hapo ndipo roho inaponiuma mpaka leo.

Tangu siku hiyo nasoma habari za maprofesa wa kemia ambao kazi yao miaka nenda rudi ni mabaki ya moto. Chuo Kikuu cha Central Florida kule Marekani wanatunza hadi maktaba ya vimiminika vinavyowaka, kila kimoja na alama zake. Mabaki yanatiwa kwenye kopo la bati kama yale ya rangi, kifuniko kinagongwa mpaka kikaze, sio mfuko wa plastiki wa sokoni maana mvuke wa petroli unapenya. Maabara wananing'iniza kipande cha mkaa maalum ndani ya kopo, wanaliweka kwenye joto la nyuzi 60 hadi 80 hivi usiku kucha, mkaa unanasa mvuke, wanauosha, kilichotoka kinaingia kwenye mashine inayochambua kemikali moja moja. Na hapa ndo pa kushika: kapeti na plastiki zikiungua zenyewe zinatoa baadhi ya kemikali zilizomo kwenye petroli, toluini ikiwemo. Kwa hiyo pua ya mtu haitoshi, na profesa anaangalia mpangilio mzima wa kemikali, sio moja tu.

Pua na macho vikiaminiwa peke yake, mtu anaweza kufa: kule Texas, Marekani, Cameron Todd Willingham alihukumiwa kufa kwa moto wa tarehe 23 Desemba 1991 uliowaua wanawe watatu wa kike. Wachunguzi waliona madoa sakafuni wakasema kimiminika kilimwagwa. Mkemia Gerald Hurst akaandika kwamba alama zile hazithibitishi hivyo, kwa sababu chumba kikishawaka chote kwa pamoja, sakafu inaungua madoa madoa hata kama hakuna aliyemwaga kitu. Februari 17, 2004 wakamchoma sindano ya sumu hivyo hivyo.

Haya, mashine ni ghali, nakubali, na Zimamoto lazima waokoe watu kwanza. Lakini kopo la bati lenye kifuniko linashindikana vipi? Mkemia Mkuu wa Serikali si yupo?

Halafu kuna la kwetu wenyewe. Stoo ya mama mdogo ilikuwa na magunia mawili ya maganda ya korosho ya kuwashia jiko. Mafuta ya ganda yanawaka kwa moshi mweusi mzito, na kila mbanguaji anajua yanavyobabua vidole. Natamani mtoto wa Newala au Tandahimba anayefaulu kemia aambiwe kuwa hii nayo ni kazi ya maisha, sio udaktari tu, akae achome maganda, achome makuti, achome sponji ya godoro iliyomwagikiwa mafuta ya taa ya kibatari, aandike kila kimoja kinaacha nini, ili siku moja hakimu wa huku kusini awe na kitu cha kushika.

Kijana aliachiwa siku ya nne, hakuna ushahidi, na hakuna aliyemsafisha pia. Kahamia Masasi. Mama mdogo bado anaamini ni yeye, na akiniuliza mi naonaje nanyamaza, maana cha kumjibu nilikimwaga bondeni.