Rekoda ya Steadicam si ya mhariri

Steadicam ni kifaa anachovaa opereta ili kamera itembee bila kutikisika. Sledi ni nguzo yake, kamera juu, monita na betri chini. Mtu akiuliza tu, "Jamani, niweke rekoda gani kwenye sledi?", yaani kisanduku cha kurekodi nakala ya picha ya kamera, majibu yanamiminika kama mvua. Inarekodi 4K? Ina biti 10? Inachukua RAW, yaani picha ghafi? Kioo chake kina mwanga kiasi gani? Anayeuliza ni opereta wa Steadicam, wanaomjibu wanamnunulia kamera ya pili.

Kamera iko juu ya nguzo. Inarekodi picha ya filamu yenyewe, kwa ubora ambao kisanduku cha kiganjani hakitaufikia. Kazi ya rekoda ya opereta ni nyingine kabisa. Teki, yaani jaribio moja la shoti, imeisha, mwongozaji anasema turudie, na opereta ana dakika mbili za kujua kwa nini picha ililala upande aliposhuka ngazi, kichwa cha mwigizaji kilikatwa kwenye kona ipi, na ule mtikisiko wa mlangoni ulikuwa wa mguu wake au wa sakafu. Dakika mbili, vesti ikiwa bado imembana kifuani. Hapo RAW itamsaidia nini?

Kwa kazi hiyo 1080 inatosha na kubaki. H.264, mfumo wa kubana video, ya megabiti 20 kwa sekunde inakula gigabaiti 9 kwa saa. Kadi moja ya gigabaiti 64 inamaliza siku nzima. ProRes 422, mfumo wanaoupenda wahariri, ya 1080p25 (mistari 1080, fremu 25 kwa sekunde) ni megabiti 122 kwa sekunde, yaani gigabaiti 55 kwa saa, na kadi ile ile inajaa baada ya saa moja na ushei. Anayeona bila ProRes halali usingizi achukue Proxy, ProRes nyepesi: megabiti 38, gigabaiti 17 kwa saa. Nakubali, shingo upande, kwamba ukitaka shoti ya kuonyesha kazi zako, HQ, ProRes ya ubora wa juu, ni tamu zaidi kurekebisha rangi. Lakini shoti hiyo ni mali ya wenye filamu. Utaipata kwa ruhusa yao, filamu ikishatoka, na wakikupa watakupa iliyokwisha kusafishwa. Hadi hapo, uliza kabla ya kurekodi chochote, na jioni kadi uifute au uikabidhi kwa anayetunza data.

Sasa tuje kwenye sifa ambayo huikuti kwenye matangazo: betri ya sledi inayoilisha rekoda ikitolewa ghafla, faili linapona au linakufa?

Kwenye sledi betri hubadilishwa mara nyingi kwa siku, na anayebadilisha ni msaidizi mwenye haraka ambaye macho yake yako kwenye kamera. Hakumbuki kwamba huko chini kuna kidude kinachorekodi. Hapaswi kukumbuka. Faili la MOV au MP4 lina faharasa inayoeleza kila fremu iko wapi, na rekoda nyingi huiandika mwisho kabisa, pale unapobonyeza kusimamisha. Umeme ukikatika kabla ya hapo, picha zote zimo kwenye kadi lakini hakuna kichezeshi kitakachozifungua. Utaambiwa kuna programu za kuokoa. Ndiyo, zipo, na ni kazi ya usiku mbele ya kompyuta. Wewe unataka kuona teki ya nne kabla ya kupiga ya tano.

Rekoda iliyotengenezwa na mtu mwenye akili hufanya moja kati ya haya: inaandika faharasa vipande vipande kila baada ya sekunde chache, au inakata rekodi katika mafaili mafupi, au ina betri ndogo ya ndani inayoipa sekunde za kufunga faili umeme wa nje ukiondoka. Usimwulize muuzaji ni ipi, maana atakwambia ndiyo kwa yote matatu. Jaribu mwenyewe kabla ya kutoa pesa. Anzisha kurekodi, subiri dakika tatu, chomoa waya wa umeme bila kubonyeza kitu. Rudisha umeme. Faili lipo? Linacheza? Limepoteza sekunde ngapi za mwisho? Rudia mara tano, kwa sababu kupona mara moja kunaweza kuwa bahati.

Na ukiwa hapo shika saa, hesabu inachukua muda gani kuwaka. Kama ni sekunde 40, basi betri imebadilishwa, kamera imeamka, kibao kimepigwa, na rekoda bado inakuonyesha nembo ya kampuni. Ikiwaka, irudi kwenye hali ile ile uliyoiacha. Kuna zinazoamka zikiuliza tarehe na lugha, utadhani ndiyo kwanza zinatolewa kwenye boksi. Kama umeipenda rekoda kwa mengine yote na hapa inashindwa, ipe betri yake yenyewe, ya aina ya NP-F, na ukubali uzito. Usijidanganye kwamba utamwambia msaidizi akutahadharishe.

La pili kwa uzito: ianze yenyewe. Mikono ya opereta iko kwenye gimbali, kiungo kinachoiacha nguzo igeuke kila upande, na kwenye mkono wa Steadicam, ule wa springi unaobeba sledi. Hana wa tatu wa kubonyeza kitufe chekundu. Kamera nyingi za kazi hutuma ishara ya kuanza na kusimama ndani ya SDI, kebo ya picha ya vifaa vya kazi, lakini kila kampuni ina lugha yake, kwa hiyo hakikisha menyu ya rekoda ina jina la kampuni ya kamera unazofanyia kazi. Ukipitisha picha kwenye kigeuzi cha SDI kwenda HDMI, mara nyingi ishara hiyo inabaki njiani. Picha inafika, amri haifiki. Wengine hutegemea saa ya fremu (timecode): ikianza kutembea, rekoda inaanza. Njia hiyo inafanya kazi saa ikitembea wakati wa kurekodi tu. Seti ikiwa na saa inayotembea mfululizo ili kulandana na sauti, rekoda haitasimama mpaka kadi ijae.

HDMI yenyewe sina ugomvi nayo mezani. Kwenye sledi inayotikisika, plagi isiyo na kufuli ni kujitafutia balaa. Kama rekoda uliyonayo ni ya HDMI pekee, funga bano la kushika plagi na kebo fupi laini. Kwa SDI, kebo iwe ya omu 75, nyembamba, yenye BNC, plagi ya SDI inayojifunga, ya pembe mraba isiyochomoza. Angalia pia kama rekoda inaielewa PsF: kamera ikitoa fremu nzima zilizogawanywa nusu nusu, rekoda za bei ya chini huisoma kama picha ya mistari inayopishana, na kila ukisimamisha picha kuangalia ukingo wa fremu unakuta meno ya kitana.

Usiipitishe picha ya monita yako ndani ya rekoda. Narudia, kwa sababu michoro inayozunguka mitandaoni inaonyesha kamera, kisha rekoda, kisha monita, mstari mmoja msafi unaopendeza macho. Rekoda ikizima, kuna nyingi ambazo hazipitishi kitu, na opereta anabaki kipofu katikati ya mwendo, nyuma yake ngazi. Nyingine huchakata picha na kuichelewesha, na fremu moja au mbili za kuchelewa unazihisi mkononi unaposimamisha mzunguko wa kamera. Kamera ina matokeo mawili ya SDI? Moja liende kwa monita, la pili kwa rekoda. Ina moja tu? Weka kigawanyishi chenye umeme, au uitoe kwenye tundu la kupitishia la monita ili rekoda iwe ya mwisho. Na picha inayoingia kwenye rekoda iwe na mistari ya fremu na LUT, jedwali linaloipa picha rangi zake. Ukirekodi logi kavu, ile picha iliyofifia kabla ya rangi, isiyo na mipaka, utakaa unabishana na mwongozaji kuhusu ukingo ambao hakuna anayeuona.

Uzito. Ninja V, rekoda ya Atomos, ni gramu 300 na ushei bila betri. Ongeza betri, bano na kebo, unakaribia nusu kilo. Ukiiweka chini, sledi ukiilaza na kuiachia inarudi wima haraka kuliko zile sekunde mbili na nusu hadi tatu ulizozizoea, kwa hiyo unashusha gimbali kidogo. Ukiiweka upande wa monita, monita inasogea ndani au betri inatoka nje, halafu unarudia kuizungusha sledi mpaka itulie wima. Kila sentimita mbali na nguzo inaongeza uzito wa kugeuza, kwa hiyo ibane karibu na nguzo iwezekanavyo. Bano limelegea? Litaonekana kwenye picha kama mtetemo mdogo ambao utausingizia mkono wa Steadicam bure.

Feni: kama inasikika ukiwa umbali wa mkono, mtu wa sauti atakuja, na atakuwa na haki. Diski inayounganishwa kwa USB 3.0 humwaga kelele kwenye masafa ya 2.4 GHz, ambayo ndiyo vifaa vingi vya fokasi visivyo na waya hutumia. Mota ya fokasi ikianza kusita, zima rekoda kwanza kabla hujamlaumu mwenzako. Kadi ya SD ya ndani ni salama zaidi, na V30, yaani megabaiti 30 kwa sekunde, inabeba hata HQ ya 1080p25.

Kuna wanaosema weka rekoda kwa mwongozaji, kwenye kipokezi cha picha isiyo na waya, sledi ibaki nyepesi. Haya, kwenye sledi ndogo ambayo mkono wake umefika mwisho wa uwezo, sawa. Lakini ishara ikikatika nyuma ya ukuta, rekodi inakatika pale pale, na mara nyingi hapo nyuma ya ukuta ndipo ulipotaka kujiangalia.

Mpangilio wa kuchomeka wengi hawaujui: umeme wa rekoda kwanza, BNC baadaye. Kuchomoa, BNC kwanza. Upande hasi wa plagi ya umeme ukichelewa kugusa, mkondo unatafuta njia ya kurudi kupitia ngao ya kebo ya picha, na unaishia kwenye lango la SDI la kamera. Lango likiungua, siku imeisha, na bili haiendi kwa waliokushauri ununue ya 4K.