Mashua ya Lamu: betri ya maji au lithiamu?

Nahodha anayetaka taa, chaji ya simu, GPS na pampu ya kutoa maji ngamani hukutana kwanza na bei. Betri ya maji, ile ya gari, ni rahisi na haitafutwi mbali. Ya lithiamu ni ghali zaidi. Halafu huambiwa uzito: ya maji ya ampea-saa 100 (100Ah) ina karibu kilo 30, ya lithiamu kama 12. Hoja hiyo ya uzito mimi hainishughulishi. Mashua zetu hubeba mifuko ya mchanga iwe farumi, yaani uzito wa kukituliza chombo. Kilo zilizozidi zikikaa chini karibu na mkuku hazidhuru.

Kinachonishughulisha ni tanga. Paneli ya sola ya wati 100 kwa jua la Lamu hutoa kama ampea-saa 30 kwa siku, mradi haina kivuli. Lakini tanga letu ni pana, na kila chombo kikibisha, yaani kikigeuka dhidi ya upepo, foromali, ule mti unaobeba tanga, huhamishiwa upande wa pili wa mlingoti, kivuli nacho kikahama. Hata kivuli cha kamba moja hula umeme mwingi kuliko upana wake. Ongeza mawingu ya masika, na siku nyingi betri italala haijajaa. Betri ya maji haivumilii hilo: salfeti huganda kwenye bati zake, ikawa kila mwezi inashika chaji kidogo zaidi. Tena robo ya mwisho hujaa polepole mno, jua limeshainama. Lithiamu haina shida kukaa nusu, na unaweza kutumia hadi asilimia 80 ya chaji yake, ilhali ile nyingine haifai kutumiwa zaidi ya nusu. Mashua ikilala upande, asidi nayo humwagika.

Hata hivyo, betri ya maji ikichoka taa hufifia, unapata onyo. Lithiamu hukata yote ghafla, kwa sababu saketi yake ya ulinzi haingoji. Kuzimikiwa taa na GPS usiku ndani ya mkondo mwembamba wa Mkanda, maji yanapwa na mikoko iko pande zote mbili, ni hatari ya kweli. Kipimo cha volti hakisaidii sana, kwani volti za lithiamu hubaki karibu palepale mpaka mwisho. Kinachofaa ni kipimo kinachohesabu ampea, pamoja na tochi yenye betri yake.

Wengine husifu kwamba betri ya maji ikifa ina mnunuzi. Ni kweli, lakini wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walidhurika kwa madini ya risasi, yaliyomo ndani ya betri hizo, kutoka kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3.

Kwa mashua ya wageni inayorudi Shela kila jioni, ningechukua betri kavu ya risasi, iliyofungwa isimwage asidi, na kuijaza kwa umeme wa nyumbani. Anayelala baharini kuelekea Kiwayu anunue lithiamu, na ya 50Ah inatosha: humpa ampea-saa 40, si mbali na 50 za betri ya maji ya 100Ah. Kontrola, kifaa kinachosimamia chaji kutoka kwenye paneli, iwe na mpangilio wa lithiamu, na fyuzi ikae karibu kabisa na ncha chanya ya betri, si kule kwenye taa.