Dunia Duara, Masharti Yana Pembe

Kiinua mgongo kilipoingia nikamwambia mama Zawadi: mke wangu, miaka thelathini nimeizunguka Kariakoo, sasa naizunguka dunia. Akanitazama kama anavyomtazama muuza samaki anayeapa kuwa samaki ni wa leo. Nikaenda zangu ofisi ya tiketi.

Binti wa pale ana adabu zake. "Baba, tiketi moja tu, unazunguka dunia nzima, na una mwaka mzima wa kuimaliza." Nikachekelea. Sherehe iliishia hapo.

Kumbe tiketi hiyo inauzwa na makundi ya mashirika ya ndege yaliyoungana. Star Alliance wanakupimia maili, kama fundi nguo na futi yake. Oneworld wana tiketi ya kuhesabu mabara. Ipi nafuu? "Inategemea, baba." Kote, ndege utakazopanda zisizidi 16. Kote, toka bara mpaka bara, ukianza kuelekea mashariki ni mashariki hivyo hivyo, Pasifiki mara moja, Atlantiki mara moja, mpaka urudi nchi uliyoanzia. Yaani nikisahau dawa ya presha Asia nikaikumbuka nikiwa Amerika, basi tena, tutaonana na presha.

Nikasema sawa, nikichoka na ndege je, nikapanda basi toka mji huu mpaka ule?

"Linahesabiwa, baba."

Linahesabiwaje na ni basi? Hawa wa mabara wanalikata kana kwamba ni ndege moja katika zile 16. Wale wa maili wanajumlisha na maili za basi. Nauli nimetoa mimi, siti nimegombea mimi, mgongo unaouma ni wangu, halafu maili zao!

Na hayo mabara yenyewe wameyachora wao. Kwa oneworld, Misri imo fungu moja na Ulaya na Mashariki ya Kati. Firauni wa watu kalala kaburini hajui kama kahamishwa.

Nikauliza ndege yetu, Air Tanzania, iko kundi gani. Haimo popote. Kwa hiyo naanza kuizunguka dunia kwa kupelekwa Addis Ababa na Ethiopian, wa Star, au Doha na Qatar, wa oneworld. Bei nayo hubadilika kwa nchi unayoanzia. Ukiona kwa jirani ni rahisi, nenda kaanzie huko, nauli ya kufika huko juu yako.

Binti akaona nimenyamaza, akanimalizia: ukipitia Marekani, hata kwa kubadili ndege tu, pasipoti yetu inataka viza. Nibadili ndege, sikusema nahamia! Akanipa karatasi ya masharti nikaisome nyumbani kwa utulivu. Kurasa saba, herufi kama chawa.

Nikapanda daladala la Mbagala, nimesimama mlangoni, karatasi kwapani.

"Mzee, rudi nyuma, nyuma kweupe!" konda akafoka.

Nikarudi. Nikarudi tena hatua mbili, kwa raha zangu, na nauli haikupanda.