Mahekalu ya Java Hayataki Haraka

Ukifika Yogyakarta, katikati ya kisiwa cha Java, kila mapokezi ya hoteli na kila dereva wa teksi atakuuzia safari ileile: alfajiri Borobudur, mchana wali, jioni Prambanan jua likizama nyuma ya minara, usiku umerudi kulala. Hekalu la Wabuddha na mahekalu ya Wahindu kwa siku moja. Bei si mbaya, na picha utazipata. Hata hivyo mimi simshauri mtu aifunge safari hiyo. Majengo haya yalijengwa ili yazungukwe kwa miguu, kuta zake zimebeba hadithi zinazokwenda kwa mfuatano, na mwenye haraka huzikatiza katikati bila hata kujua.

Prambanan ndiko jambo hili linakoonekana waziwazi. Ni mahekalu ya miungu mikuu mitatu ya Wahindu. Hekalu la Shiva, la karne ya 9, lina kimo cha mita 47. Kusini yake liko la Brahma, kaskazini la Vishnu. Ukipanda ngazi za mashariki za hekalu la Shiva, geuka kushoto, uzunguke huku hekalu likiwa mkono wako wa kulia. Ukuta wa nje wa ule ujia umechongwa Ramayana, utenzi mkubwa wa Wahindu. Mwanamfalme Rama anapelekwa uhamishoni, mkewe Sita anatekwa na Ravana, mfalme wa mapepo wa kisiwa cha Lanka, nyani Hanuman anatumwa huko kumtafuta, nyani wanarundika mawe baharini watengeneze njia ya kuvukia. Hapo ukuta umekwisha. Vita vyenyewe, na Sita kukombolewa, viko kwenye hekalu la Brahma.

Na kwa Brahma watu hawaendi. Nilikaa kivulini nikiyatazama makundi: wanapanda kwa Shiva, wanachungulia vyumba, wanashuka, wanajipanga kwa picha, basi linapiga honi. Sita wamemwacha Lanka.

Wanachokikumbuka wengi ni sanamu ya Durga, mungu wa kike wa Wahindu, katika chumba cha kaskazini cha hekalu la Shiva, kwa sababu kila kiongozi ana kisa chake. Wenyeji husema huyo ni Rara Jonggrang, binti mfalme aliyeposwa na Bandung Bondowoso asimtake. Akampa sharti: nijengee mahekalu elfu moja kwa usiku mmoja. Jamaa akaita majini, kazi ikaenda. Binti alipoona idadi inakaribia kutimia, akawaamsha wanawake watwange mpunga na kuwasha moto upande wa mashariki. Majogoo wakadhani kumekucha, wakawika, majini yakatoweka. Bondowoso kwa hasira akamgeuza jiwe. Majini yanayofanya kazi usiku na kukimbia alfajiri hayahitaji maelezo kwa mtu wa Tanga.

Mahekalu hayakuwa elfu, lakini 240 si haba. Kati yake, 224 ni yale madogo yaliyopangwa kwa safu kuyazunguka makubwa, na karibu yote bado ni marundo ya mawe. Nilimsikia mgeni mmoja akinung'unika kwamba serikali imezembea. Sivyo. Jengo halirudishwi mpaka sehemu kubwa ya mawe yake ya asili ipatikane na ijulikane lipi lilikaa wapi. Hekalu la Shiva lenyewe lilikamilika mwaka 1953, baada ya miaka mingi ya kupanga na kupangua. Kisha tetemeko la Mei 2006 likaangusha mawe mengine. Mimi nachagua rundo la kweli kuliko hekalu la saruji.

Tembea kidogo kuelekea kaskazini, ndani ya eneo lilelile na kwa tiketi ileile, ufike Sewu. Hili ni kundi la mahekalu ya Wabuddha, na ni la zamani kuliko Prambanan. Mbele yake, nje ya uzio, kuna Plaosan, nalo la Kibuddha, limezungukwa na mashamba ya mpunga. Ukisimama Sewu ukaiona minara ya Shiva kwa mbali, ule mgawanyo wa kwenye vipeperushi, "asubuhi Wabuddha, jioni Wahindu", unaonekana wa ajabu. Dini hizi mbili zilijenga kiwanja kimoja, vizazi vinavyofuatana, pengine kwa mafundi waliofundishana. Mtu aliyekulia Dar es Salaam na kupita mtaa wa Kisutu, mahekalu na misikiti ikiwa hatua chache, hatashangaa sana.

Leo wanaoyatunza mahekalu hayo wengi wao ni Waislamu. Adhana inasikika Prambanan, walinzi wanapokezana kwenda kuswali, wanarudi kumkumbusha mgeni asikalie sanamu. Vesak, sikukuu ya Wabuddha, ni siku ya mapumziko Indonesia nzima, na waumini huandamana kutoka hekalu la Mendut kupitia Pawon hadi Borobudur.

Borobudur sasa. Iko kilomita 40 hivi kaskazini-magharibi mwa Yogyakarta, na ni kubwa kwa namna ambayo picha haisemi: majukwaa tisa, sita ya mraba na matatu ya duara, sanamu 504 za Buddha, vibao 2,672 vya mawe yaliyochongwa. Zamani ulipanda utakavyo. Siku hizi idadi ya wanaoruhusiwa kupanda kwa siku ina kikomo, nao hupanda kwa makundi yaliyopangiwa saa na kiongozi, na unapewa ndala maalumu za kusukwa ziitwazo upanat ili ngazi zisiendelee kulika. Mwaka 2023 mgeni kutoka nje alilipa rupia 455,000, karibu dola 30. Mwaka 2022 serikali ilitaka kupandisha hadi dola 100, watu wakapiga kelele, ikarudi nyuma.

Kikomo hicho nakiunga mkono, mikono miwili. Mawe yale yamekanyagwa vya kutosha. Ninachokikataa ni jinsi saa hiyo inavyotumika. Kundi letu lilisukumwa juu kama mbuzi wanaowahi kivuko, kwa sababu kule juu ndiko kwenye zile stupa 72, vijengo vya mawe vyenye umbo la kengele na matundu, na mandhari ya volkano ya Merapi. Sehemu kubwa ya muda wetu ikaishia huko, simu hewani. Hazina iko chini, kwenye zile korido. Ya kwanza ina vibao 120 vya maisha ya Buddha, toka mbinguni kabla hajazaliwa hadi mahubiri yake ya kwanza. Tulionyeshwa vichache. Kama ningepanga mimi, ningeuza tiketi mbili: ya juu kwa wapiga picha, na ya korido kwa wanaotaka kutembea taratibu.

Mtu wa pwani ana sababu yake ya kubaki chini. Katika korido hiyo ya kwanza kumechongwa jahazi lenye matanga na mirengu ubavuni, mirengu kama ya ngalawa zetu. Wanahistoria wengi wanaamini ngalawa ya Afrika Mashariki ina asili kwa mabaharia wa visiwa vya Indonesia, watu walewale ambao lugha yao ndiyo mama wa Kimalagasi. Mwaka 2003 chombo kilichoundwa kwa kufuata mchongo huo, Samudra Raksa, kiling'oa nanga Jakarta, kikapita Madagaska na Rasi ya Tumaini Jema, na mwaka 2004 kikafika Ghana. Sasa kimewekwa katika jumba lake la makumbusho palepale Borobudur. Makundi mengi hayaingii, kwa kuwa chakula cha mchana kinasubiri.

(Chakula chenyewe nisikiseme vibaya: gudeg, fenesi bichi lililochemshwa kwa tui na sukari ya mnazi mpaka likawa jekundu, ningelila hata kwa futari.)

Mwenye siku moja tu aiache Borobudur, ingawa najua nitabishiwa. Aende Prambanan asubuhi, ambako hakuna anayempangia saa. Treni ya Yogyakarta kwenda mji wa Solo inashusha watu stesheni ya Brambanan, na mahekalu hayako mbali na hapo. Aanze kwa Shiva, amalizie hadithi kwa Brahma, ale, kisha Sewu na Plaosan kwa baiskeli au kwa miguu. Borobudur aiwekee siku yake.